Mwili Unapozeeka: Kubaki na Nguvu na Kukabiliana na Maumivu ya Viungo

Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi wanaoishi England, pamoja na watoto na wajukuu wanaowatunza. Kinaeleza kwa nini viungo huuma kadiri umri unavyosonga, mazoezi yanayofaa kufanywa nyumbani, matumizi salama ya dawa za maumivu, na dalili ambazo hazipaswi kusubiri.

Je, ni uzee tu?

Wazee wengi husema, "Ni uzee tu," kisha huvumilia kimya kimya ili wasiwasumbue watoto. Ni kweli kwamba umri hubadilisha mwili. Misuli hupungua, mifupa hupoteza uimara wake, na gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, huweza kuchakaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya udhaifu tunaoulaumu uzee husababishwa na kukaa bila kutumia mwili. Udhaifu wa aina hiyo unaweza kupunguzwa katika umri wowote, hata baada ya miaka 80.

Katika lugha yetu maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na jina hilo huwafanya wengi waamini kwamba ugonjwa huletwa na baridi. Hali ya hewa ya baridi inaweza kuyafanya maumivu yahisike zaidi, lakini si baridi inayoharibu kiungo. Hatari kubwa zaidi ya majira ya baridi ni kwamba mtu hujifungia ndani na kuketi miezi mitatu au minne. Misuli inayoshikilia goti na nyonga hulegea, mzigo wote hubebwa na kiungo, na maumivu huongezeka.

Gegedu haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka katika majimaji yaliyo ndani ya kiungo, na majimaji hayo huingia na kutoka pale kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa. Kwa hiyo kutembea hakumalizi goti, bali hulilisha.

Mwili unahitaji kiasi gani cha mazoezi?

Mtu mzima anashauriwa kupata dakika 150 kwa juma za shughuli inayopandisha pumzi kidogo, mfano kutembea kwa haraka. Kipimo chake ni rahisi: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Pamoja na hayo, angalau siku 2 kwa juma fanya mazoezi ya kuimarisha misuli. Ukiwa na umri wa miaka 65 na zaidi, ongeza mazoezi ya kulinda mizani ya mwili ili usianguke.

Dakika hizo zinaweza kugawanywa. Kutembea dakika 10 baada ya chai ya asubuhi na dakika 10 nyingine kabla ya jioni ni mwanzo mzuri. Haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu kwao tulitembea kwenda sokoni, msikitini au kanisani bila kuyaita mazoezi. Hapa, basi hutufikisha karibu na mlango, na siku hupita bila hatua nyingi. Kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani kunarudisha sehemu ya mwendo huo.

Mazoezi manne ya nyumbani

Vaa viatu vinavyoshika mguu vizuri, na simama karibu na meza nzito au sinki la jikoni la kushikilia.

1. Kuketi na kusimama. Keti mbele kidogo kwenye kiti imara kisichoteleza, chenye mgongo ukutani. Simama polepole, kisha keti polepole. Rudia mara 5, na ongeza hadi 10 kadiri unavyopata nguvu. Ukihitaji kujisukuma kwa mikono, fanya hivyo.

2. Kuinua visigino. Shika sinki, inua visigino vyote viwili, hesabu hadi tatu, kisha vishushe taratibu. Rudia mara 10.

3. Kusukuma ukuta. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, weka viganja ukutani sawa na kifua, kunja viwiko, kisha jisukume nyuma. Rudia mara 10.

4. Kusimama kwa mguu mmoja. Shika sinki kwa mikono miwili, inua mguu mmoja na hesabu hadi kumi, kisha badilisha. Usiachie mikono mpaka uwe na hakika kwamba huyumbi.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si dalili ya madhara. Ikiwa kesho yake maumivu ni makali kuliko kawaida, punguza idadi, lakini usiache kabisa. Manufaa huanza kuonekana baada ya majuma kadhaa. Ikiwa una ugonjwa wa moyo, au umefanyiwa upasuaji karibuni, zungumza kwanza na daktari.

Kuzuia kuanguka nyumbani

Kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga na kumwondolea mtu uwezo wa kujitegemea. Kagueni nyumba yenu pamoja:

- Kunjeni au bandikeni pembe za mikeka na mazulia yanayojikunja.
- Wekeni taa ya usiku kati ya kitanda na choo.
- Kanga, dera au kanzu inayofika chini huweza kunaswa na ngazi. Ipandisheni kidogo kabla ya kupanda au kushuka.
- Kandambili hazishiki kisigino. Tumieni viatu vya ndani vyenye soli isiyoteleza.
- Anayetawadha asiinue mguu hadi kwenye sinki akiwa amesimama juu ya sakafu yenye maji. Ni salama zaidi kuketi kwenye kigoda na kutumia birika na beseni.
- Anayeumwa magoti anaweza kuswali ameketi kwenye kiti. Akiwa na shaka, na amwulize imamu wake.

Mkongojo si aibu. Ushike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma, na mpini wake ufike usawa wa kifundo cha mkono unaposimama wima.

Joto, kuchua na dawa

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, kwa muda wa dakika zisizozidi 20, hulegeza misuli iliyokaza. Kuchua taratibu kwa mafuta hakuna ubaya. Lakini usiweke joto juu ya dawa ya kuchua inayowasha, kwa kuwa ngozi inaweza kuungua. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepata ganzi asiweke kitu cha moto miguuni. Jaribu pia kuweka chumba unachokaa katika joto la nyuzi 18 au zaidi.

Parasetamoli: mtu mzima anaweza kunywa kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, akisubiri angalau saa 4 kabla ya kunywa tena, bila kuzidi vidonge 8 katika saa 24. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo soma lebo usije ukazidisha. Ukiwa na uzito chini ya kilo 50, au ugonjwa wa ini, mwulize mfamasia kwanza.

Ibuprofeni: dawa hii inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee. Usiinywe bila ushauri ikiwa una shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo au figo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Vidonge vilivyotumwa kutoka nyumbani, au vinavyouzwa bila lebo kwa jina la dawa ya asili: imewahi kugundulika kwamba baadhi yake vimechanganywa na dawa kali za hospitalini bila kutajwa. Mpelekee mfamasia avione. Kama tayari unavitumia kila siku, usiviache ghafla kabla ya kuzungumza naye au na daktari.

Chakula na mifupa

Nchini Uingereza jua la kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi halitoshi kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na misuli huihitaji. Watu wazima wote wanashauriwa kufikiria kunywa maikrogramu 10 kwa siku katika kipindi hicho. Wenye ngozi nyeusi, na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili wanapotoka nje, wanashauriwa kufikiria kuitumia mwaka mzima. Kuleni pia maharage, kunde, samaki, mayai na maziwa, kwani misuli haijengwi kwa ugali au wali peke yake.

Wakati wa kutafuta msaada

Piga simu 999 au nenda idara ya dharura hospitalini ikiwa:
- kifua kinauma au kubana, hata kama maumivu yanahisika zaidi begani, mkononi au tayani;
- mgongo unauma na umepata ganzi sehemu za siri au matakoni, miguu yote miwili imedhoofika, au huwezi kuudhibiti mkojo au haja kubwa;
- umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu, au umegonga kichwa na unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Piga simu 111 au muone daktari siku hiyo hiyo ikiwa kiungo kimevimba ghafla, ni cha moto na una homa. Au ikiwa umepata maumivu mapya ya kichwa pamoja na taya kuuma unapotafuna.

Panga miadi na daktari wa familia ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, unapungua uzito bila sababu, viungo vinakaza zaidi ya nusu saa kila asubuhi, au umeanguka mwaka huu hata kama hukuumia.

Kumwona daktari wa familia hakulipiwi. Dawa alizoandika daktari ni bure kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Unapopanga miadi, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo nayo ni bure. Si vyema mjukuu amtafsirie bibi au babu yake, kwa sababu mzee anaweza kuficha jambo analoona haya kulitaja mbele ya mtoto.

Kwa watoto na wajukuu

Kumheshimu mzee si kumfanyia kila kitu. Mzee anayeletewa hata kikombe cha maji hupoteza nguvu za miguu siku baada ya siku. Mwacheni akunje nguo, apike anachoweza, na amwagilie maua. Tembeeni naye, na mwulizeni wazi, "Wapi panauma?" Kisha msikilizeni mpaka mwisho.