Nyumba ya Mirathi na Tiketi za Bahati Nasibu

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.



Majuzi, baada ya sala ya Alasiri, alinijia bibi mmoja pamoja na binti yake mkubwa. Bibi huyu ametoka eda karibuni. Marehemu mumewe ameacha watoto wanne, wawili kati yao hawajabaleghe, nyumba moja hapa mjini, na deni la hospitali. Wao wanataraji nyumba ipate shilingi milioni 6. Wanunuzi waliofika wametaja milioni 4, kwa kuwa wanaijua dhiki ya wenyewe.

Ndipo binti akatoa shauri. Ameona katika simu kwamba Uingereza watu huuza tiketi za nyumba. Mwaka 2017 jumba moja la Lancashire lilitolewa kwa tiketi za pauni 2. Akaniambia, "Sheikh, tukiuza tiketi 12,000 kwa shilingi 500, tutapata milioni 6 kamili. Hakuna atakayeumia, na mmoja atapata nyumba. Je, ni halali?"

Swali hili nalijibu hapa, kwani najua si nyumba hiyo moja tu inayoliuliza.

Tuanze na sheria ya nchi. Tangu sheria ya mwaka 1966, na hata katika sheria mpya ya kudhibiti kamari ya mwaka 2025, kuuzia umma bahati nasibu bila leseni ni kosa Kenya. Anayechapisha tiketi nyumbani na kuzipitisha mtaani anajiweka katika hatari ya kushitakiwa. Hata huko Uingereza, sheria ya kamari ya mwaka 2005 hairuhusu mtu kuendesha bahati nasibu kwa faida yake binafsi. Wanaotoa nyumba kwa njia hiyo hulazimika kuweka shindano la maarifa, au kufungua mlango wa kushiriki bila malipo.

Lakini Muislamu haishii kwenye leseni. Serikali inaweza kuruhusu jambo, nalo likabaki haramu. Katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, akatuamrisha tujiepushe nayo, na akabainisha kuwa shetani huitumia kutia uadui baina yetu na kutuzuia na sala. Tuitazame hesabu ya binti yetu. Watu 12,000 watatoa shilingi 500. Mmoja atapata nyumba, na 11,999 watarudi mikono mitupu. Nyumba ya mshindi imelipiwa na waliokosa. Hiyo ndiyo kamari yenyewe, ijapokuwa imevaa kanzu ya biashara. Kisha tujiulize, ni nani watakaonunua tiketi hizo? Ni mama mpika mahamri na kijana wa bodaboda, watakaotoa pesa ya chakula wakiota nyumba.

Wengine husema, "Mbona Mtume (S.A.W.) alipiga kura?" Ni kweli. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, na Qur'ani imetaja kura iliyopigwa juu ya nani amlee Bibi Maryam. Lakini hapo hakuna aliyelipa ili aingie, wala aliyepoteza mali yake. Kura ile iliamua baina ya watu wenye haki sawa. Tiketi ni kununua bahati. Imepokewa pia katika Sahih Muslim kuwa Mtume alikataza biashara ya kurusha kijiwe, ambapo bidhaa iliyoangukiwa na kijiwe ndiyo iliyouzwa, na akakataza kila biashara yenye gharari, yaani ambayo mtu hajui anapata nini kwa pesa yake.

Nikamuuliza yule bibi, "Dada yangu, nyumba hii ni ya nani?" Akanyamaza. Kwa kuwa marehemu ameacha watoto, fungu la mke ni thumuni, sehemu moja kati ya nane. Zilizobaki ni za warithi wengine, wakiwemo mayatima wawili. Tena, kabla ya fungu la mrithi yeyote, deni la marehemu hulipwa kwanza. Basi angewezaje kuchezesha bahati nasibu mali ambayo kubwa yake si yake? Niliwaelekeza kwa Kadhi, ambaye Katiba ya mwaka 2010 imempa mamlaka ya kuamua mirathi ya Waislamu, ili warithi watambuliwe na nyumba iuzwe kwa idhini.

Na njia ya halali ya kupata bei nzuri ipo, nayo ni mnada. Anas bin Malik (R.A.) amepokea kuwa Ansari mmoja fukara alikwenda kwa Mtume kuomba. Mtume akaagiza viletwe vitu vya nyumbani kwake, tandiko na bakuli, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akataja dirhamu moja, mwingine akapandisha hadi mbili, vikauzwa. Dirhamu moja ikanunua chakula, ya pili ikanunua shoka la kukatia kuni. Katika mnada kila mtu huijua bidhaa, na asiyenunua huondoka na pesa yake kamili.

Binti akaniuliza, "Na mnada ukileta milioni 4 na nusu tu?" Nikamwambia, mwanangu, hiyo milioni moja na nusu itawauma, wala sitakudanganya. Lakini deni la baba yako litalipwa kwa mali safi.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi tulio na uwezo. Tunaposubiri mjane abanwe na deni ndipo tumpe bei ya chini, tunamsukuma kwenye tiketi kwa mikono yetu wenyewe. Anayetaka nyumba ile na aitajie thamani yake. Asiyeitaka na akopeshe deni la hospitali, mkopo mwema usio na riba, mpaka nyumba iuzwe.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na haramu yake. Amin. Wallahu aalam.