Klabu ni Mali ya Nani?

Huko Bwera, kama ilivyo Kampala, mpenzi wa kandanda huuliza swali moja timu yake inapodhoofika. Mwenye klabu ni nani, na fedha zakwenda wapi? Swali hilo si uasi.

Itazameni SC Villa. Klabu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa jina la Nakivubo Boys, ilitwaa ubingwa wa Uganda mara 16 kati ya 1982 na 2004. Kisha ikakaa miaka 20 bila ubingwa, hadi 2024. Katika ukame huo mizozo ya umiliki na fedha haikukoma.

Chanzo chafahamika. Viingilio havitoshi kulipa mishahara, usafiri na kambi. Pengo huzibwa na mfadhili. Asipoandikiana na klabu, hakuna ajuaye kama fedha zake ni zawadi, mkopo au bei ya klabu yenyewe. Akiondoka, hubaki madeni na mabishano.

Askari anajua kwamba ghala lisilo na daftari halilindiki, hata mlinzi awe mwaminifu. Klabu nayo yahitaji wanachama walioandikishwa na hesabu zilizokaguliwa. Shabiki akionyeshwa hesabu, atatoa mchango badala ya lawama.