Mvua ya Dodoma Hutoka Wapi?

Leo tutazungumza juu ya maji ya mvua.

Tazama nchi ya Dodoma mwezi wa Oktoba. Majani yamekauka, mito ni mchanga mtupu, na jua ni kali sana. Lakini mvua hukawia mpaka mwisho wa Novemba au Desemba. Kwa nini? Kwa sababu jua peke yake halileti mvua. Jua hupandisha hewa juu, lakini hewa kavu haina maji ya kuangusha.

Basi, maji hutoka wapi? Ukianika nguo, hukauka. Maji yake hayakupotea. Yameingia hewani, yamekuwa mvuke usioonekana. Baharini pia jua hufanya vivyo hivyo, na upepo huuchukua mvuke huo.

Toka Juni mpaka Septemba huvuma kusi. Upepo huu nao hutoka baharini, lakini ukipanda milima ya Uluguru na Nguru hupoa, na maji mengi huanguka huko. Ukifika Dodoma ni mkavu.

Kufika Desemba, jua limekwenda kusini na pepo zimegeuka. Kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni, huleta mvuke wa Bahari ya Hindi. Siku nyingine upepo wa magharibi huleta mvuke kutoka upande wa misitu ya Kongo. Pepo hizi zikikutana, hewa hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Nchi ikisha kulowa, udongo na majani hurudisha maji hewani, nayo husaidia mvua nyingine.

Je, kuna faida gani kujua haya? Faida ni mbegu zako. Dodoma hupata kama milimita 550 mpaka 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kama maji hayo yangesimama, yangefika gotini tu. Mvua moja ya Novemba yaweza kuwa ya wingu linalopita, pepo hazijatulia bado. Ukipanda mbegu zote, zikaota, kisha jua likawaka majuma matatu, miche itakufa na ghala ni tupu. Kwa hiyo weka akiba ya uwele na mtama ya kupanda mara ya pili, na usikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini Oktoba kuna joto lakini hakuna mvua?
2. Kaskazi huleta mvuke kutoka wapi?
3. Nyumbani kwako, akiba ya mbegu huwekwa wapi?