Kujidhuru: Kipi Huhesabiwa, Kipi Hakihesabiwi

Kujidhuru ni kuumiza mwili wako mwenyewe kwa kukusudia. Aliyejikata kisu akimenya viazi ameumia tu. Aliyejikata akitaka kuumia, hata kwa mchubuko usiohitaji bandeji, amejidhuru. Wanaojikata, kujichoma, kujigonga au kumeza dawa kupita kiasi wote wamo katika kundi hili, kwa kuwa kinachopimwa ni nia, wala si ukubwa wa jeraha.

Kipimo hicho kina manufaa ya pekee Isiolo, mji ambao Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru hukutana katika soko moja la mifugo na katika hospitali moja ya kaunti. Alama za mwili hapo si ajabu. Wako Waturkana wenye chale, na wazee wa Kiturkana na Kisamburu waliong'olewa meno ya mbele ya chini wakiwa wadogo. Daktari mgeni angeweza kushtuka bure. Mwaka 1987 mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, Armando Favazza, alichapisha kitabu kilichotenganisha alama zinazokubaliwa na jamii na zile ambazo mtu hujitia kutokana na dhiki. Chale hufanywa mbele ya watu, kwa utaratibu unaojulikana, na aliyechanjwa huionyesha. Anayejidhuru kwa kawaida huwa peke yake, kisha huficha. Ila mila isigeuzwe kisingizio: kijana anayeongeza alama zake mwenyewe usiku, bila sherehe wala shahidi, hafuati desturi ya yeyote.

Miraa nayo huulizwa sana, maana mabunda kutoka Meru hupita Isiolo kila siku. Je, mtafunaji anajidhuru? Na mlevi? Wataalamu wengi hawawahesabu, kwa sababu mtu huitafuta starehe na madhara humfuata baadaye. Nia ikigeuka, hukumu hugeuka pia: mgonjwa anayeacha dawa zake makusudi ili adhurike amejidhuru, ingawa hakushika kitu chenye makali. Vivyo hivyo, saumu ya Ramadhani ni ibada, lakini kujinyima chakula kwa ajili ya kujiadhibu ni jambo jingine kabisa, hata likifanyika mwezi ule ule.

Swali gumu zaidi ni la kifo. Uingereza, hospitali huhesabu kila tendo la kujiumiza au kujitilia sumu kuwa kujidhuru, awe mtu alitaka kufa au hakutaka. Marekani, mwongozo wa madaktari wa akili uliotolewa mwaka 2013 uliweka kando kujiumiza kusiko na nia ya kufa, ukakutaja kuwa hali inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Kila upande una hoja. Wengi wanaojiumiza hawataki kufa. Wanataka maumivu ya moyo yapungue, au wajiadhibu, au wahisi chochote baada ya ganzi ndefu. Hata hivyo, aliyewahi kujidhuru yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye, na nia yenyewe yaweza kubadilika kwa siku moja. Ndiyo maana kila tukio hustahili kuchukuliwa kwa uzito.

Nchini Kenya swali hilo lilikuwa na polisi ndani yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa hadi miaka 2 jela, faini, au vyote viwili. Sheria haikumgusa aliyejiumiza bila nia ya kufa, lakini familia iliyomkuta kijana wake akivuja damu ingeithibitishaje nia hiyo kituoni? Ilikuwa rahisi zaidi kusema ameanguka. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, katika kesi iliyowahusisha Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Akili.

Hofu ya aibu haifutwi na jaji. Waislamu na Wakristo wa Isiolo hufundishwa kwamba mwili ni amana ya Mungu, na aliyejidhuru hujiona ameshatenda dhambi kabla hajaulizwa lolote. Tendo hili mara nyingi huanza katika ujana, na dalili zake ni ndogo: mikono mirefu katika joto kali, majeraha yasiyo na maelezo, kujifungia. Kusema kwamba kijana huyo anatafuta kuonekana ni kosa la kawaida, nalo ni kosa baya, kwa sababu wengi hufanya kila wawezalo wasionekane.

Anayegundua huanza kwa utulivu, bila kufoka wala kumlazimisha kuapa kwamba hatarudia. Kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Aliyemeza dawa au sumu hupelekwa hospitalini papo hapo, hata akionekana mzima, kwa kuwa madhara ya baadhi ya dawa huchelewa kujitokeza. Kwa mazungumzo, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199. Matibabu yenyewe zaidi ni ya maneno: mshauri humsaidia mtu kutambua kinachotangulia hamu ya kujiumiza na kupata njia nyingine ya kuipitisha. Hilo huchukua muda, na kurudia njiani hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa.