Usiende Voi kwa Kalenda ya Mombasa

Kila likizo ikikaribia hupigiwa simu na jamaa wa Kisauni, Likoni, hata Malindi, na swali lao huwa lile lile: "Nataka kuwapeleka watoto Voi wakaone ndovu. Mwezi gani mzuri?" Huniuliza mimi kwa kuwa mama yangu mkubwa ameolewa Sagalla, na njia ile nimeipita tangu ni mtoto wa chuoni.

Jibu langu la kwanza huwa si mwezi. Huwaambia kwanza waiweke kando kalenda ya Mombasa.

Sisi watu wa pwani mvua yetu kubwa ni masika, ile wazee wanayoiita mvua ya mwaka, na Mei ndiyo yenyewe. Vuli kwetu ni nyongeza. Kwa hivyo mtu hujipangia kwamba Mei hatoki, lakini Novemba na Desemba hakuna taabu. Sasa nenda Voi, kilomita 150 na kitu tu kutoka kisiwani, ukute mambo yamepinduka. Kule vuli ndiyo mvua ya kutegemewa, na mkulima wa Sagalla au Kasigau hupanda mahindi yake akiitazamia hiyo. Masika huwajia Machi na Aprili kwa kubahatisha. Mei, sisi tukivuka madimbwi Mwembe Tayari, Voi vumbi limeshaanza kupaa.

Sababu ni upepo wa kusi. Huja na unyevu wa bahari, lakini mzigo wake mwingi huutua papa hapa ukanda wa pwani. Ukifika nyika ya Taru umebaki mtupu, au karibu na mtupu. Kile kidogo kilichosalia hugonga milima ya Taita, hupanda juu na kuwa ukungu. Ndiyo maana Juni hadi Agosti Voi ni kavu kama mkeka, na Wundanyi, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu, watu wamevaa makoti.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Mwaka mmoja kulikuwa na nikaha ya binti wa mama mkubwa, mwanzo wa Desemba. Mimi ndiye niliyepanga safari, na nilipanga kwa akili ya Mombasa: vuli, mvua ya rasharasha, tutafika. Tukajaa kwenye Noah ya kukodi, mama yangu akiwa kiti cha mbele na kanga zake za zawadi mapajani. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha juu ya mlima. Tulipofika korongo la mwisho, ambalo mwaka mzima ni mchanga mtupu unaochezewa na mbuzi, tukakuta maji mekundu yanakwenda kwa kishindo. Ng'ambo tuliliona paa la nyumba. Tulikaa pale mpaka baada ya Alasiri. Nikaha ikafungwa, biriani ikaliwa, na mama yangu akampongeza dada yake kwa simu huku akimpungia mkono ambao sidhani aliuona. Hakunilaumu. Lakini hajaisahau, nami sijaisahau.

Na kuna miaka ambayo vuli huja na fujo zaidi. Bahari ya upande wetu ikipata joto kuliko ile ya upande wa Indonesia, mawingu huhamia kwetu. Ilikuwa hivyo 1997, 2019 na 2023. Mwaka ukitabiriwa hivyo, safari ya Novemba iache kabisa.

Sasa ndovu. Kwa anayekwenda Tsavo Mashariki, wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Majani yamenyauka, vichaka viko wazi, na wanyama hawana budi kwenda kwenye maji ya kudumu: mto Galana, na visima vya kuchimbwa. Huna haja ya kuzunguka kutwa. Egesha gari, watakuja wenyewe, wekundu kwa ule udongo wa Tsavo. Hata ndani ya Madaraka Express kutoka Miritini, kiangazi ndipo watoto hupiga kelele dirishani. Mvua ikinyesha ndovu hutawanyika, kwa kuwa kila kidimbwi kina maji, na barabara za udongo mweusi humeza magurudumu. Agosti pia shule zimefungwa, basi kwa wengi wetu hesabu imekamilika. Desemba shule zimefungwa vilevile, lakini tiketi za gari moshi huwa adimu, na matope nimeshayaeleza.

Ukitaka kupanda Wundanyi, hapo usinifuate kwa Agosti, labda uwe mpenzi wa baridi. Mama yangu tulimpeleka Julai, akajifunika shuka juu ya buibui, akauliza kama kweli hii bado ni Kenya. Ukungu ulikuwa mzito hata mashamba ya kabeji, yale yanayolisha soko la Kongowea, hatukuyaona. Januari na Februari ndiyo miezi ya mlimani: mvua imekwisha, kijani kimebaki, na asubuhi ikiwa safi, ukiwa kileleni Vuria unaiona Kilimanjaro. Voi mjini wakati huo ni joto kali, na si joto letu lenye upepo wa bahari.

Lakini kuna jambo moja ambalo huwa sina raha nalo ninapowasifia watu Agosti. Ukame unaowaleta ndovu mbele ya kamera yako ndio huo huo unaowaleta kwenye ua wa mama yangu mkubwa. Sagalla ya chini wapo wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki, maana ndovu huwaogopa nyuki, na inasaidia. Hata hivyo watu bado hukesha. Na vuli ikikosa kabisa, ndovu nao huangamia: Novemba 2022 serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia.

Nilimuuliza mama mkubwa mwenyewe, yeye anapenda tuje lini. Akacheka. "Mwanangu, Agosti mwaja kuwatazama ndovu, si mimi. Njooni mahindi yakiwa mabichi." Kwake hiyo ni Januari, na kwa kuwa Ramadhani miaka hii inaangukia Februari, Januari inatufaa. Watoto watakuwa shule. Wao nimewaahidi Agosti. Januari nitakwenda na mama peke yake, kwa gari moshi, na kanga zile bado ziko kabatini.