Propela yenye gamba jeupe: isafishe kwanza, ndiyo upige picha

Wauza spea za boti, hii ni yenu. Na wewe unayeuza birika za umeme za mtumba soma tu, uchafu ni uleule.

Niko Sumbawanga mjini, huku juu kwenye baridi, ila propela nyingi ninazouza zinapanda kutoka ziwani: Kasanga, Kipili, Kirando. Zinafika na gamba jeupe gumu kama plasta. Ukiirusha picha hivyo hivyo kwenye status, mteja anaona mzigo umekufa na anakutajia bei ya skrepa.

Gamba hilo mara nyingi ni chokaa. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama bahari, lakini yana madini mengi, na pH yake inakaribia 9. Sababu ni kwamba mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa kukauka na jua, madini yanabaki. Chuma kikikaa majini miezi, yanajishika taratibu. Na penye joto yanajishika haraka zaidi, ndiyo maana birika inaota gamba kuliko ndoo.

Sasa kabla hujasugua chochote, dondoshea siki kidogo. Ikitoa mapovu, ni chokaa. Ikitulia tu na ule weupe ni unga unga, hapo shtuka: inawezekana ni alumini yenyewe inaliwa. Propela nyingi za injini ndogo ni alumini, na alumini haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe na chini yake kuna vishimo. Kwenye picha vitu hivi viwili vinafanana kabisa.

Chokaa inatoka kirahisi. Changanya siki kikombe kimoja na maji kikombe kimoja, lowesha kitambaa, funga sehemu yenye gamba, subiri nusu saa. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza kwa maji mengi, rudia kama bado. Usiiache ilale kwenye siki usiku kucha, alumini itaanza kuliwa, na ile raba ya katikati iepushe. Kama siki hakuna, limao linafanya kazi, ila utakamua mengi.

Asidi ya betri usiguse. Kostiki soda pia hapana, hata kama fundi sabuni jirani yako anayo bure. Zote zinakula alumini haraka sana, na moshi wake si wa kuvuta. Brashi ya waya nayo inachubua rangi, na pale palipochubuka ndipo maji yataanzia kula.

Kuna zinki pia, kile kipande cha kijivu kinachofungwa karibu na propela. Kazi yake ni kuliwa yeye ili injini isiliwe. Usikipake rangi kipendeze, ukikipaka umekiua. Na kwa wateja wa maziwa jua hili: zinki kwenye maji yasiyo ya bahari huota ngozi ngumu na kuacha kazi. Wauzie ya magnesiamu au ya alumini kama unaweza kuipata.

Ukiuza injini nzima ndipo pagumu, maana chokaa mbaya iko ndani, kwenye njia za maji ya kupozea, huioni. Vua propela, tumbukiza mguu wa injini kwenye pipa la maji hadi matundu ya kuvutia maji yazame, ndipo uwashe. Usiwashe pakavu hata kidogo, raba ya pampu itaungua. Tazama lile tundu la nyuma linalorusha maji. Likirusha kwa nguvu, chukua video na simu. Likichuruzika, njia zimeziba au pampu imechoka, mpelekee fundi kabla hujatangaza.

Mzee mmoja wa Kipili aliniuliza, “Dogo, hii injini inakojoa vizuri?” Nikamwambia shikamoo mzee, nikamtumia video. Hakuuliza rangi wala mwaka. Yeye anakwenda kwenye dagaa usiku, injini ikichemka katikati ya ziwa na upepo umeanza, hana wa kumpigia.

Kwa hiyo kwenye posti weka picha mbili, yenye gamba na iliyosafishwa. Kama baada ya kusafisha umekuta vishimo, piga picha ya karibu, weka sarafu pembeni waone ukubwa, na shusha bei. Usizibe kwa gundi ukapaka rangi. Andika: “Imetumika Tanganyika, chokaa imetolewa, vishimo viwili kwenye panga moja.” Wanaonunua wataelewa, na wanaotaka isiyo na doa watapita bila kukupotezea bando.