Samaki wa Nukta za Buluu Chini ya Uwanda wa Ufipa

Uwanda wa Ufipa umesimama kati ya maziwa mawili. Mvua inyeshayo juu yake hugawanyika: vijito vya mashariki huteremka hadi Ziwa Rukwa, na vya magharibi huishia katika Ziwa Tanganyika, yapata mita 1,000 chini ya mji wa Sumbawanga. Katika ufuko wa miamba wa ziwa hili la pili huishi samaki mzuri ambaye uzazi wake hutegemea, kwa sehemu, jembe la mkulima aliye juu mlimani.

Jina lake la kisayansi ni Lamprichthys tanganicanus, naye alielezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu G. A. Boulenger mwaka 1898. Dume hufikia urefu wa sentimita 15 hivi, na ubavu wake umepambwa kwa safu za nukta za buluu. Nukta za jike hung'aa kama fedha. Kwa uzuri wake hulinganishwa na samaki wa upinde wa mvua wa Australia na Nyugini, ingawa hao ni wa ukoo mwingine. Kama ilivyo kwa samaki wengi, mng'ao wa namna hii hautokani na rangi kama ya wino. Ndani ya ngozi mna seli zenye fuwele nyembamba zinazorudisha mwanga. Ndiyo maana nukta hubadilika samaki ageukapo.

Makao na uzazi

Samaki hawa huogelea kwa makundi kando ya miamba, wakila wadudu na viumbe vidogo vya majini. Wakati wa kuzaa, jike na dume hujibana ubavu kwa ubavu penye ufa mwembamba wa mwamba, na mayai huingizwa humo. Wazazi hawayalindi, mlinzi wake ni ufa wenyewe.

Hapo ndipo hatari ilipo. Miti ikatwapo na miteremko ilimwapo bila kinga, mvua huchukua udongo hadi ziwani. Mashapo hutanda juu ya miamba, huziba nyufa na kufunika miani ambayo ni chakula cha viumbe wengi. Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa hili, na uchafuzi wa mashapo ni miongoni mwa mambo uliyoyalenga.

Wafipa wana ujuzi wa zamani unaofaa kukumbukwa: kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, ili zioze na kurutubisha shamba. Desturi hiyo husaidia kuushika udongo mahali pake.

Jaribio kwa wanafunzi

Jazeni chupa mbili angavu kwa maji ya kijito kimoja, ya kwanza wakati wa kiangazi, ya pili mara baada ya mvua kubwa. Ziacheni zitulie siku moja, kisha pimeni kwa rula unene wa tope lililotuama katika kila chupa. Tofauti mtakayoiona ni udongo uliotoka shambani, na safari yake ilikuwa bado haijafika mwisho.